Okot p'Bitek: Malenga aliyeketi na sungura, akawacheka wakubwa

MTOTO aliyelelewa Mbita, mji wa wavuvi katika Kaunti ya Homa Bay, hahitaji kufunzwa Apuoyo ni nani. Huyo ndiye sungura wa ngano za Waluo, mnyama mdogo asiye na pembe wala makucha ya kutisha, ambaye kila mara humshinda tembo, simba na fisi kwa akili na maneno matamu. Zamani, jioni ilipoingia, watoto walikusanyika katika siwindhe, yaani nyumba ya bibi, wakasimuliwa visa vyake na kuimbishwa nyimbo zilizofumwa ndani ya visa hivyo.

Mamia ya kilomita kutoka hapo, katika nyika za Gulu kaskazini mwa Uganda, watoto wa Kiacholi walikuwa wakisikiliza vituko vya mnyama huyo huyo. Wao humwita Apwoyo. Majina hayo yanakaribiana kwa sababu Waluo wa Kenya na Waacholi ni watu wa asili moja, waliotawanyika kutoka bonde la Mto Nile karne nyingi zilizopita, na lugha zao zingali zinasikilizana kwa kiasi fulani hadi leo.

Mmoja wa watoto wa moto ule wa jioni wa Gulu alikuwa Okot p'Bitek. Alipokua, aliichukua sanaa ile ya wanyama, nyimbo na mizaha, ambayo wasomi wa wakati wake waliiona kuwa ya kuwatuliza watoto, akaitia katika vitabu vilivyosomwa na watoto wa shule na maprofesa vilevile. Kwa kufanya hivyo alipata jina kubwa ulimwenguni. Lakini pia aliipoteza kazi, na kwa zaidi ya miaka 10 akawa mgeni katika nchi za watu.

Mwana wa mwimbaji

Okot alizaliwa mwaka wa 1931 mjini Gulu. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule na Mkristo wa Kiprotestanti. Mama yake, Lacwaa Cerina, alikuwa mwimbaji na mtunzi mwenye sifa katika eneo lake, na ni kwake yeye ambako mwana alijifunza nyimbo nyingi za Kiacholi. Hivyo, tangu utotoni, Okot aliishi kati ya shule mbili: ile ya ubao na chaki, na ile ya uwanja wa ngoma.

Katika shule ya ubao alifanya vyema. Alisoma Gulu High School, kisha King's College Budo karibu na Kampala, shule iliyowalea watoto wa machifu na viongozi wa baadaye wa Uganda. Baada ya hapo alipata mafunzo ya ualimu Mbarara na kurudi kufundisha kwao kaskazini.

Mwaka wa 1953, akiwa na umri wa miaka 22 hivi, alichapisha riwaya fupi kwa lugha ya Kiacholi iliyoitwa Lak Tar. Jina hilo lilitokana na methali ya kwao inayosema juu ya weupe wa meno na kicheko cha wanadamu duniani. Maana yake ya ndani ni kwamba mtu hucheka hata pale moyo unapolia. Riwaya inamhusu kijana maskini anayeondoka kijijini kwenda kusini mwa nchi kutafuta fedha za mahari, akahangaika huko, na hatimaye akapoteza alichokichuma. Ni kisa cha huzuni kilichosimuliwa kwa mzaha, na mwandishi hakuiacha njia hiyo tena katika maisha yake yote.

Miguu mitupu hadi Oxford

Aliyempeleka Okot ng'ambo hakuwa mwalimu wala mmishenari. Ilikuwa ni kandanda. Alikuwa mchezaji hodari, na mwaka wa 1956 alisafiri na timu ya taifa ya Uganda iliyozuru Uingereza na kuwashangaza watazamaji kwa kucheza bila viatu. Ziara ilipokwisha, wenzake walirudi nyumbani. Yeye alibaki kusoma.

Alianza na masomo ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Bristol, kisha akasomea sheria Aberystwyth nchini Wales. Kutoka huko aliingia Oxford kusomea elimu ya jamii na mila za watu. Alitarajia kupata nyenzo za kuwaeleza walimwengu habari za watu wake. Badala yake, katika vyumba vya mihadhara aliwasikia walimu wakiwataja Waafrika kwa maneno ya washenzi na watu wa kale wasiostaarabika. Okot alilalamika waziwazi dhidi ya lugha hiyo, lakini haikubadilika.

Mwaka wa 1963 alikamilisha tasnifu juu ya nyimbo za jadi za Waacholi na Walango. Baadaye aliandika utafiti mkubwa zaidi kuhusu dini ya Waluo wa kati, uliochapishwa mjini Nairobi mwaka wa 1971, lakini Oxford haikumpa shahada ya udaktari kwa kazi hiyo. Alikuwa amewashutumu wataalamu wa Kizungu kwa kuivalisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki na ya Kikristo, na hakuwa tayari kulegeza msimamo huo.

Hasira ya namna hiyo ingeweza kumfanya mtu aandike vitabu vikavu vya mabishano. Okot aliviandika baadhi yake. Lakini silaha yake kali ilikuwa imebaki kijijini, katika ulimi wa wanawake waimbao.

Lawino anafungua kinywa

Aliporejea Uganda katika miaka ya 1960 alifanya kazi Gulu katika idara ya elimu ya watu wazima ya Chuo Kikuu cha Makerere. Huko alikusanya ngano na nyimbo, akaandaa tamasha za ngoma, na akaendelea kulisuka shairi refu alilolianza kwa Kiacholi, likiwa na vina na mdundo wa nyimbo za kwao. Baada ya kulifasiri kwa Kiingereza, lilichapishwa mwaka wa 1966 na East African Publishing House ya Nairobi kwa jina la Song of Lawino, likipambwa kwa michoro ya Frank Horley. Nakala ya Kiacholi ilitoka mwaka wa 1969. Mwaka wa 1975 wasomaji wa Kiswahili walilipata kwa jina la Wimbo wa Lawino, katika tafsiri ya Paul Sozigwa wa Tanzania.

Shairi lina sehemu 13. Msemaji wake ni Lawino, mwanamke wa kijijini ambaye hajaingia darasani. Mumewe, Ocol, amesoma hadi chuo kikuu na sasa anamwonea haya. Amempata mwanamke mwingine, Clementine, anayejipaka poda, kupaka midomo rangi na kuzichoma nywele zake ili zifanane na za Wazungu. Lawino analia, lakini kilio chake kinavunja mbavu za msomaji.

Hapo ndipo wanyama wanapoingia. Lawino hana nadharia wala vitabu vya kunukuu. Anachokijua ni ndege na wanyama wa porini, mifugo, wadudu na mimea iliyomzunguka, na hao ndio mizani yake. Akitaka kueleza kinachomchukiza katika sura ya mwanamke wa kisasa, humtafutia mfano wake porini. Akitetea nywele zake mwenyewe, hujenga hoja kwa viumbe: kila kimoja kimeumbwa na manyoya au ngozi inayokifaa, wala hakuna anayemdai mnyama mmoja ajigeuze awe mwingine. Kwa nini basi mwanamke wa Kiacholi atakiwe kujigeuza Mzungu?

Msomi angeiita hoja hiyo falsafa ya utamaduni. Mtoto wa darasa la sita angecheka tu. Wote wawili wangekuwa wameielewa, na huo ndio uliokuwa ustadi wa Okot. Aliandika kitu ambacho bibi angeweza kukisikiliza kando ya jiko na mhadhiri akakisomea mtihani.

Wala mzaha haukuishia kwenye vipodozi. Ocol humkemea mkewe kwa kutojua saa, ilhali yeye hujua wakati kwa jogoo, kwa jua na kwa kazi za nyumbani. Humlaumu kwa kutojua majiko ya kisasa na majina ya Kizungu ya ubatizo. Na Lawino anapofika kwenye siasa, kicheko kinakuwa kichungu zaidi: Uhuru umekuja, lakini ndugu wawili wa nyumba moja wamekuwa maadui kwa sababu ya vyama, na wale walioahidi kuwaunganisha watu wananona peke yao.

Maneno hayo yalichapishwa mwaka ule ule wa 1966 ambao Milton Obote alisimamisha katiba ya Uganda na jeshi likavamia kasri la Kabaka. Haukuwa wakati salama wa kuwacheka wakubwa.

Kufukuzwa kwao

Mwaka huo huo Okot aliteuliwa kuongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda mjini Kampala, akiwa Mwafrika wa kwanza kukishika. Jumba hilo lilikuwa limezoea tamthilia na muziki wa Ulaya. Yeye alilifungulia mlango kwa ngoma za vijijini, waimbaji na wasimulizi. Wengi walifurahi. Baadhi ya wakubwa walinung'unika.

Hakudumu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alizuru Zambia na kutoa huko matamshi ya kuikosoa serikali ya nchi yake. Akiwa bado safarini, kazi yake ikakatwa. Mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewaonya Waafrika wasiyatupe ya nyumbani kwao akawa sasa hana nyumba ya kurudi.

Alipata hifadhi Kenya. Idara ya elimu ya watu wazima ya chuo kikuu cha Nairobi ilimwajiri, naye akawekwa Kisumu, mwisho wa mashariki wa Ghuba ya Winam. Mbita ipo kwenye mlango wa ghuba hiyo upande wa magharibi. Kwa Okot, eneo hili lote la ziwa halikuwa ugeni mtupu. Lugha aliyoisikia sokoni ilikuwa binamu ya lugha ya mama yake, na sungura alikuwa amefika huko kabla yake.

Desemba 1968 aliandaa Tamasha la Sanaa la Kisumu, akikusanya ngoma, nyimbo, maigizo na maonyesho. Sanaa ya kijijini, ambayo shule nyingi za misheni zilikuwa zimeipiga marufuku kwa miongo kadhaa, ilipewa jukwaa la mjini. Mwaka huo huo, mjini Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor Anyumba walikuwa wakidai idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe na fasihi ya Afrika, hasa ile ya masimulizi, iwekwe katikati ya masomo. Mawazo ya Okot na ya watatu hao yaliingiliana, na katika miaka iliyofuata fasihi simulizi ikapata nafasi katika masomo ya shule za Kenya.

Jambo hili lina uzito wake wa pekee Mbita. Wenyeji wa eneo hilo na wa visiwa vya Rusinga na Mfangano ni Abasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao wengi wao, kwa vizazi kadhaa, wameiacha lugha yao na kuzungumza Dholuo. Pale ambapo lugha imepungua wasemaji, ngano na nyimbo zake hubaki kwa wazee wachache. Swali ambalo Lawino anamuuliza mumewe, la mtu anayekitupa cha mababu kabla ya kujua atashika nini, linaulizwa hapo na historia yenyewe.

Kicheko kinapokauka

Kenya nayo ilimpa Okot somo lake. Julai 5, 1969, waziri Tom Mboya aliuawa kwa risasi mchana katika barabara ya jiji la Nairobi, akazikwa kwao Rusinga, kisiwa kilicho mkabala na Mbita. Januari 1971, Idi Amin alimpindua Obote, na tumaini la Okot la kurudi nyumbani likazidi kufifia, kwani utawala mpya ulikuwa wa hatari zaidi kwa mtu wa Acholi mwenye mdomo mwepesi.

Mwaka huo wa 1971 alichapisha Song of Prisoner. Humo hamna tena mke anayetania. Yumo mfungwa aliyepigwa, aliyefungwa pingu, ambaye mara anasema kosa lake ni kuzurura mjini na mara anajisifu kwamba amemuua kiongozi. Mzaha upo, lakini ni mzaha wa mtu anayepoteza akili. Kiliunganishwa na Song of Malaya, wimbo wa kahaba anayewaumbua wateja wake wenye vyeo, na kitabu hicho cha nyimbo mbili kikamletea Okot Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1970, alikuwa amempa Ocol nafasi ya kujibu katika Song of Ocol. Jibu la mume ni kali na lenye kiburi, na wasomaji wengi waliona kwamba halimshindi Lawino. Hata hivyo, wapo waliomlaumu mwandishi kwa kuelemea upande mmoja. Wengine waliuliza iwapo kijiji cha Lawino kiliwahi kuwa kizuri kiasi hicho kwa wanawake, na iwapo ni haki mwanamume kuamua jinsi mwanamke anavyopaswa kulia. Taban lo Liyong alishikilia kwamba tafsiri ya Kiingereza ilipunguza uzito wa shairi la Kiacholi, na mwaka wa 2001 akatoa tafsiri yake mwenyewe. Mabishano hayo hayajaisha, na pengine ndiyo yaliyokifanya kitabu kiendelee kusomwa.

Hondohondo na sungura

Okot alifanya kazi kwa miaka kadhaa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akafundisha pia Marekani na Nigeria. Uhamishoni aligeukia hazina aliyoikusanya ujanani. Mwaka wa 1974 alitoa mkusanyo wa nyimbo za Kiacholi, The Horn of My Love. Mwaka wa 1978 alitoa Hare and Hornbill, mkusanyo wa ngano ambao jina lake linawataja sungura na hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa. Kitabu hicho kiliingia katika mfululizo wa waandishi wa Afrika wa kampuni ya Heinemann, pamoja na riwaya nzito za mapambano na siasa.

Kuwaweka wanyama wa siwindhe kwenye rafu hiyo lilikuwa tamko. Katika ngano za Afrika sungura si mwema siku zote. Hudanganya, huiba, husaliti rafiki. Yupo yule anayesimuliwa sehemu nyingi za bara hili, aliyewavutisha kamba kiboko na tembo, kila mmoja akidhani anashindana na sungura. Mtoto huchekea kamba. Mtu mzima aliyewahi kutawaliwa na wenye nguvu huchekea kitu kingine, na hahitaji kukitaja kwa sauti.

Ndivyo wanyonge walivyoweza kumsema mtawala bila kukamatwa: walimsema fisi. Okot alikuwa ametoka nje ya ngano na kuwataja wanadamu wenyewe, naye akalipa.

Kurudi na kuondoka

Amin alipoangushwa Aprili 1979, njia ya nyumbani ilifunguka. Okot alirudi Makerere, na mwaka wa 1982 akawa profesa wa kwanza wa utunzi wa fasihi katika chuo hicho. Hakupata muda wa kukikalia kiti hicho. Alifariki dunia mjini Kampala Julai mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 51.

Baada ya kifo chake vilichapishwa vitabu vingine vyake, ukiwemo mkusanyo wa methali za Kiacholi mwaka wa 1985 na insha za Artist, the Ruler mwaka wa 1986. Katika insha hizo alishikilia kwamba mtawala wa kweli wa jamii ni msanii, kwa kuwa ndiye anayetunga nyimbo na mifano ambayo watu huishi kwayo, huku mwenye jeshi akizifuata tu.

Njia aliyoipasua iliwavuta wengine tangu mapema. Okello Oculi na Joseph Buruga, wote wa Uganda, walitunga mashairi marefu ya malalamiko katika mtindo uliokaribiana na wake kabla miaka ya 1960 haijaisha. Nyumbani kwake pia kalamu haikulala. Binti yake Jane alichapisha Song of Farewell mwaka wa 1994, na mwingine, Juliane Okot Bitek, aishiye Kanada, alitoa mwaka wa 2016 diwani ya 100 Days kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Nyika za Gulu, alikozikusanya zile ngano, ziliingia katika vita miaka michache baada ya kifo chake. Watu wengi wa Acholi walihamishiwa kambini kwa miaka mingi, mbali na maboma yao na moto wa jioni. Watoto waliozaliwa kambini waliwakosa wasimulizi ambao Okot aliwahi kuketi miguuni pao. Kwa wengi wao, Apwoyo aliyesalia ni yule wa vitabuni.